Takwimu hupanda wilayani, mrejesho hubaki njiani

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati za kata kama Matiri wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, muuguzi au tabibu huketi na rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kuanza kuhesabu. Anahesabu watoto waliokuja na homa, waliopimwa malaria kwa kipimo cha haraka, waliokutwa nayo na wasiokutwa nayo. Anahesabu wajawazito walioanza kliniki mapema na waliochelewa, waliojifungulia kituoni na waliojifungulia njiani. Anahesabu chanjo, anahesabu dozi za dawa mseto zilizobaki kabatini. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika jioni wagonjwa wakishaondoka, kwa sababu mchana ni yeye yule anayetibu, anayezalisha, anayechanja na kugawa dawa. Taarifa inatakiwa kufika kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na huko huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya takwimu za afya za nchi nzima.

Kinachorudi zahanati ni kidogo mno. Simu ikipigwa, mara nyingi ni ya kudai: taarifa haijafika, au jumla ya ukurasa mmoja haikubaliani na ya ukurasa mwingine. Kuhusu kazi yenyewe, yaani kama watoto wa Matiri wanapewa dawa wanazostahili, au kama kituo hiki kinawaona wajawazito wengi zaidi kuliko mwaka jana, tabibu haambiwi neno. Mkulima wa kahawa wa Umatengo, huku Mbinga, asingevumilia hali hiyo. Akipeleka kahawa chama cha msingi anapewa stakabadhi, na baada ya mnada anajua imeangukia daraja gani na imeuzwa kwa bei gani, ili msimu ujao ajue arekebishe wapi. Anayetibu watoto wa mkulima huyo anafanya kazi mwaka baada ya mwaka bila kujua daraja lake.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu kwa zaidi ya miaka 15 sasa timu kadhaa za watafiti wa vyuo vikuu, nyingi zikishirikiana na taasisi zetu wenyewe, zimekuwa zikijaribu kwa vitendo katika zahanati na hospitali za Afrika Mashariki swali moja: mtumishi wa afya akirudishiwa taarifa za kazi yake kwa njia ya simu, kishikwambi au kompyuta, je, anatibu vizuri zaidi? Majibu wameyapata, na baadhi yamechapishwa katika majarida makubwa ya tiba duniani. Ninachokiona ni kwamba tumekuwa wepesi wa kuvipenda vifaa na wazito wa kulishika somo lililo ndani yake.

Kenya walianza na simu ya kawaida kabisa. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, na Wellcome Trust wakiongozwa na Dejan Zurovac walichukua vituo 107 vya vijijini, pwani na magharibi mwa nchi, vyenye watumishi 119. Nusu ya vituo vilipokea ujumbe mfupi wa simu mara mbili kwa siku, siku tano za kazi, kwa miezi sita. Ujumbe ulikumbusha jinsi ya kumtibu mtoto mwenye malaria kwa dawa mseto: mpime uzito, mpe dozi ya kwanza hapohapo, mweleze mama namna ya kuendelea nyumbani. Matokeo yaliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2011 yalionyesha kwamba usahihi wa matibabu ulipanda kwa pointi za asilimia 23.7, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma bado ulikuwa juu kwa pointi 24.5. Mtumishi hakuhitaji kompyuta wala intaneti.

Hata hivyo, ujumbe ule ulikuwa mmoja kwa wote. Ulimkumbusha mtumishi anachotakiwa kufanya, haukumwambia anachokifanya. Hatua iliyofuata ndiyo ngumu zaidi, na hapo Tanzania imetoa somo ambalo nchi nyingi zinalitazama.

Kishikwambi cha Mbeya na Morogoro

Ruvuma ina jirani aliyeonja mambo haya mapema. Mtwara ndiko kulikojaribiwa programu ya kumwongoza tabibu wa watoto kupitia kompyuta ya mkononi, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani na wenzao wa Tanzania iliyochapishwa mwaka 2008. Mwongozo wa kutibu watoto chini ya miaka mitano upo katika vitabu tangu miaka ya tisini. Tatizo ni kwamba foleni ikiwa ndefu, kitabu hakifunguliwi. Programu ilimlazimisha tabibu kupita hatua moja baada ya nyingine.

Kutoka hapo mbegu ilikua. Taasisi ya Afya Ifakara, Kituo cha NIMR Mbeya, Chuo Kikuu cha Lausanne kupitia kituo chake cha Unisanté, na taasisi ya Swiss TPH ya Basel walijenga programu waliyoiita ePOCT+ chini ya mradi wa DYNAMIC. Kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022 waliijaribu katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 20 vilipewa kishikwambi chenye programu hiyo, kipimo cha kidoleni cha oksijeni, vipimo vya damu vya kusaidia kutenganisha ugonjwa mkali na mafua ya kawaida, mafunzo na ulezi wa kazini. Vituo 20 vingine viliendelea kama kawaida. Mahudhurio ya watoto wagonjwa katika vituo vyote kwa muda huo yalizidi 44,000.

Katika vituo vilivyoendelea kama kawaida, asilimia 70.1 ya watoto wagonjwa waliandikiwa antibayotiki. Katika vituo vyenye programu waliandikiwa asilimia 23.2. Walipofuatiliwa baada ya siku saba, waliokuwa hawajapona au hali imewazidi walikuwa asilimia 3.8 upande wa kwanza na 3.7 upande wa pili. Watoto saba katika kila kumi walikuwa wakipewa antibayotiki, na theluthi mbili ya dawa hizo zilipoondolewa, kiwango cha watoto wasiopona hakikupanda. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature Medicine.

Mzazi wa Matiri akisikia hivyo atauliza kwa haki kabisa: kwa hiyo mwanangu alikuwa anapewa dawa za bure? Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi ndiyo, na tabibu hakufanya hivyo kwa ubaya. Mama ametembea tangu alfajiri, mtoto ana homa na kikohozi, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na hospitali iko mbali. Tabibu akimwachia mtoto aende na panadol tu, kisha usiku akabanwa kifua, lawama ni za nani? Anaandika amoksilini ili alale kwa amani. Kumhubiria mtu huyo kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, jambo ambalo ni kweli na ni la hatari kwa taifa zima, hakumwondolei hofu ile ya usiku.

Kinachomwondolea ni kuona kwa macho yake kwamba watoto aliowaacha bila antibayotiki walipona. Na hapa ndipo sehemu ya jaribio la Mbeya na Morogoro ninayoithamini kuliko zote, ingawa haisemwi sana kwa sababu haina mvuto wa kifaa. Taarifa alizoingiza tabibu wakati wa kutibu hazikuishia kwenye kompyuta za watafiti. Zilichakatwa na kurudi kituoni kama dashibodi, zikionyesha kituo hiki kimeandika antibayotiki kwa watoto wangapi kikilinganishwa na wenzake, na walezi wa kazini wakazungumza na watumishi juu ya kile kilichoonekana, kwa kuwatembelea na kwa makundi ya simu. Jaribio lenyewe halikupangwa kutenganisha nguvu ya programu na nguvu ya mrejesho, kwa hiyo ninachosema hapa ni maoni yangu: kishikwambi kitaharibika, chaji itaisha, toleo la programu litapitwa na wakati, lakini tabibu aliyekwisha kuzoea kuziona takwimu zake na kuzijadili hatarudi kwa urahisi kuandika dawa kwa hofu.

Haydom na dakika ya kwanza ya pumzi

Somo la pili linatoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ambako watafiti wa Kitanzania wameshirikiana kwa miaka mingi na wenzao wa Stavanger, Norway, kuhusu watoto wanaozaliwa bila kupumua. Mwaka 2013 Hege Ersdal na wenzake walichapisha matokeo ambayo kila mwandaaji wa semina nchini angepaswa kuyabandika ukutani. Waliwafundisha wakunga kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Baada ya semina wakunga walifanya vizuri sana kwenye mwanasesere wa kujifunzia. Chumbani kwa kujifungulia, kwa watoto halisi, hakuna kilichobadilika.

Hospitali haikukata tamaa. Ilibadili mtindo: mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapohapo kazini. Mwaka 2015 Estomih Mduma na wenzake waliripoti kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, punguzo la karibu asilimia 35. Hospitali ilikuwa ileile, ila sasa wakunga walikuwa wanafanya mazoezi kila mara.

Kazi hiyo imekua na kuwa mpango wa Safer Births, uliotekelezwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Humo mrejesho wa kidijitali umeingia hadi kwenye mwanasesere: mkunga akimaliza zoezi la kumpulizia hewa, programu inamwonyesha papo hapo kama barakoa ilikaa sawasawa, kama pumzi zilikuwa haraka mno au polepole mno. Hakuna bosi anayetazama. Anaona, anarudia. Juu ya hapo, takwimu za wodi yenyewe zinarudishwa kwa wakunga ili waamue wao ni zoezi gani wanalihitaji wiki hii. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine, Benjamin Kamala akiwa mwandishi wa kwanza, ilieleza kwamba vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Vifo vya kina mama navyo vilishuka kwa takriban asilimia 75. Ruvuma haikuwemo kati ya mikoa hiyo mitano.

Nisieleweke vibaya. Mrejesho si dawa ya kila kitu, na wenye kuutafiti ndio wa kwanza kukiri. Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane wa mwaka 2012, uliokusanya tafiti 140 kutoka duniani kote, ulikuta kwamba kumrudishia mtumishi wa afya taarifa za kazi yake huongeza utendaji sahihi kwa kama asilimia 4 tu kwa wastani. Mahali pengine hakukuwa na mabadiliko yoyote, na pengine faida ilifika asilimia 16 na zaidi. Tofauti ilitokana na namna mrejesho ulivyotolewa. Ulifanya kazi pale ulipotoka kwa msimamizi au mwenzake mtumishi anayemheshimu, ulipotolewa zaidi ya mara moja, ulipokuja kwa maandishi na kwa mazungumzo, na ulipoambatana na lengo na mpango wa kulifikia. Na mwaka 1996 wanasaikolojia Kluger na DeNisi walionyesha, katika kazi za aina mbalimbali si za hospitali peke yake, kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho iliwafanya watu wafanye kazi vibaya kuliko kabla.

Naamini tunaijua sababu. Wengi wetu tumeona kundi la WhatsApp la idara fulani, ambamo asubuhi inatumwa orodha ya vituo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na chini yake maneno makali. Kituo cha mwisho hakisemi kitu. Mwezi unaofuata takwimu zake zimepanda ghafla, na aliyeko juu anafurahi. Aliyeko chini amejifunza kuandika namba inayotakiwa. Mrejesho ukigeuzwa fimbo unaua ukweli kwenye rejesta, na rejesta ikishadanganya, hata waziri anapanga bajeti ya kitu ambacho hakipo.

Kuna hila nyingine ya namba ambayo wataalamu wa mijini huisahau. Zahanati ya kijijini inaweza kuzalisha kina mama watano kwa mwezi. Ikipoteza mtoto mmoja, kwenye grafu kituo hicho kinaonekana kimepoteza asilimia 20, namba ya kutisha isiyosema lolote kuhusu ubora wa mkunga. Mwezi ujao hakuna kifo, grafu inashuka hadi sifuri, pongezi zinatolewa, nazo vilevile hazina msingi. Kwa vituo vidogo kama vya Mbinga na mwambao wa Nyasa, mrejesho wa maana ni wa kukijadili kisa kimoja kwa utulivu: mama alifika saa ngapi, mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa lini mara ya mwisho, gari liliitwa wakati gani. Grafu ije baadaye, kwa mwaka mzima, kwa kata kadhaa zikiwa pamoja.

Hilo linanifikisha kwenye rufaa. Mama anayepelekwa kutoka zahanati kwenda hospitali, iwe Litembo, Peramiho, Liuli au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea, huondoka na fomu. Utaratibu unataka hospitali irudishe majibu kwa aliyempeleka mgonjwa. Mara nyingi majibu hayarudi. Mkunga aliyekesha na mama yule, akaamua saa nane za usiku kwamba hapa hapawezekani, anasubiri kusikia kwa shangazi wa mgonjwa gulioni kama mtoto alipona. Hajui kama aliwahi au alichelewa. Uamuzi mgumu kuliko yote anaoufanya mkunga wa kijijini ndio usio na jibu, na ni jibu ambalo lingegharimu ujumbe mmoja wa simu.

Siku hizi njia zipo. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa namba 115 bila malipo kuomba usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga, unajua nani amepelekwa wapi na saa ngapi. Lami imefika Mbamba Bay. Simu ziko mifukoni mwa watumishi karibu wote, hata pale ambapo mtandao unataka mtu apande kilimani kidogo. Kinachotakiwa ni mtu katika kila hospitali ambaye ni wajibu wake kurudisha jibu, na kufanya hivyo bila kuanika jina la mgonjwa kwenye kundi la watu 60. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu simu ya mganga pia.

Najua pingamizi litakalotolewa: watumishi ni wachache, dawa hazitoshi, na mtu anazungumzia dashibodi. Pingamizi lina uzito. Mtumishi aliye peke yake kituoni hawezi kutibiwa upweke wake kwa grafu, na hakuna mrejesho utakaoleta hewa ya oksijeni mahali ambapo mtungi haujawahi kufika. Lakini kazi ya kukusanya takwimu tayari tumembebesha. Anaifanya kila mwezi, jioni, bila posho. Kumrudishia matunda ya jasho hilo ni haki yake, na si mradi mpya wa kuongezwa juu ya mingine. Tena vituo vya umma sasa vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, kwa utaratibu ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na kamati zake za usimamizi zina sauti juu ya matumizi. Ukurasa mmoja uliochapishwa, wenye namba nne au tano zinazoeleweka, haumalizi fedha hizo.

Ombi langu kwa timu za afya za halmashauri za Mbinga na Nyasa ni hili: kabla ya kuomba kishikwambi kipya, anzeni kurudisha kile ambacho tayari mnacho. Kila robo ya mwaka, kila zahanati ipate ukurasa wake, upelekwe na msimamizi atakayeketi na watumishi na kuwauliza wao wanaona nini. Kwa hospitali zinazopokea rufaa, jibu lirudi kwa aliyempeleka mgonjwa ndani ya wiki. Kwa vyuo vikuu vyetu vya afya, Ruvuma inafaa kuwa mkoa wa utafiti unaofuata, hasa kwa vituo vidogo ambavyo tafiti kubwa huviruka kwa sababu wagonjwa wake ni wachache. Na wewe msomaji uliye Matiri, Lituhi au Mbamba Bay, mkutano wa kijiji ujao ukifika kwenye ajenda ya zahanati, baada ya kuuliza kuhusu dawa, mwulize mjumbe wa kamati ya kituo swali moja zaidi: takwimu tulizopeleka wilayani robo iliyopita zimerudi na jibu gani?